Kinyago Husomwa kwa Ndani

Geneva kuna watu wanaolipa fedha nyingi kwa saa ya mkono ya miaka ya 1950, huku mpya za kampuni ileile zimejaa dukani. Wakiipata, hawaishii kwenye uso wake. Hufungua kifuniko cha nyuma wakaichungulia mashine: magurudumu yaliyong'arishwa kwa mkono, skrubu ambazo hazijachubuliwa na bisibisi ya fundi wa kubahatisha. Mji huohuo ulikaa na kinyago cha Kimakonde kwa miaka mingi, na wapenzi wa vinyago vya zamani nao wana tabia hiyohiyo. Hukigeuza.

Ndani ya kinyago cha midimu, ngoma inayochezwa huku Newala vijana wakitoka jandoni, ndimo ilimo habari. Sehemu inayogusa mashavu na kidevu hulainika, ikawa nyeusi kwa jasho. Matundu ya kamba inayoshika nguo ya kumficha mchezaji hupanuka kwa kuvutwa. Mti wenyewe ni mwepesi, maana nani atacheza kutwa na gogo la mpingo usoni? Hapo ndipo mgeni hujikwaa. Akisikia Kimakonde, anawaza mpingo: mweusi, mzito, unaong'aa. Kumbe huo ni kazi ya soko, na soko lenyewe halina umri mkubwa.

Mwaka 1906, mwaka uleule Wabenediktini walipoanza misheni ya Ndanda chini ya ukingo wa nyanda za Makonde, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi akapanda Newala hadi Mahuta, akiwa na kamera na fonografu, akikusanya vitu. Vinyago vya enzi hizo vilikuwa na ndonya mdomoni na chale za nta usoni, kama watu waliovizunguka. Vilichongwa kwa ajili ya ngoma. Hapakuwa na duka la kuvingoja.

Duka lilikuja baadaye. Miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde kutoka Msumbiji walikuwa wakiuza kazi zao Dar es Salaam, kwa wafanyabiashara kama Mohamed Peera. Mmoja wa wachongaji hao, Samaki Likankoa, ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani, lile jitu lenye viungo vilivyopotoka. Kuna wanaoziita kazi hizo bidhaa za watalii. Sikubaliani nao: mkono uliochonga shetani wa kwanza haukuwa na mfano wa kuiga. Na leo shetani wa miaka ile naye keshaitwa wa zamani, anatafutwa, na wa juzi anapitwa kando ya barabara.

Fundi akishajua kwamba mnunuzi anataka uzee, uzee nao huchongwa. Kinyago kipya hutundikwa juu ya moto kishike moshi, huzikwa kwenye tope, hupakwa rangi ya viatu. Uso hudanganya kirahisi. Jasho la ndani ni kazi ngumu zaidi, ndiyo sababu mjuzi huanzia huko.

Mchezaji wa midimu hana shida hizo. Kwake kinyago kizuri ni kile kinachokaa vyema usoni msimu huu. Mchwa wakikila, kinachongwa kingine.

Kile cha Geneva kilikuwa mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wezi walivunja mwaka 1984 wakaondoka nacho pamoja na vitu vingine 16. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalikinunua Paris. Mwaka 1990 mtaalamu Enrico Castelli aliyajulisha makumbusho hayo kwamba kiliibwa. Makubaliano ya kukirudisha Tanzania yalitiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010. Miaka 20 ya kuandikiana barua na kukaa vikao! Kwa muda huo, Newala, kinyago cha kuchezewa kingeshaliwa na mchwa, kikachongwa kingine, nacho kikaliwa.