Atachimenti haikuanza jana

Leo naweka programu kando kidogo, tuangalie historia ya jambo ambalo kila mwanafunzi wa chuo hapa Kenya analijua: atachimenti.

Mwaka 1906, huko Cincinnati, Marekani, mhandisi Herman Schneider alianzisha mpango ulioonekana wa ajabu. Wanafunzi 27 wa uhandisi waligawanywa wawili wawili. Wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko kiwandani. Wiki inayofuata wanabadilishana. Hoja yake ilikuwa rahisi: kuna sehemu ya uhandisi isiyofundishika ubaoni, na chuo hakiwezi kununua kila mashine iliyoko kiwandani. Wakuu wa chuo walimruhusu ajaribu mwaka mmoja tu, na wakasema wazi kwamba ukishindikana, lawama si yao! Mpango huo upo hadi leo.

Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianza mwaka 1957 kwa mpango kama huo. Sisi watu wa kompyuta tuna sababu nyingine ya kukikumbuka. Mwaka 1965 wanafunzi wanne, kabla hata ya kuhitimu, walipewa kazi ya kuandika kompaila ya Fortran kwa ajili ya mashine ya IBM 7040. Iliyokuwepo ilikwenda polepole kwa programu fupi za wanafunzi, na haikueleza makosa vizuri. Kazi yao iliitwa WATFOR, na matoleo yake yalienea vyuo vingi nje ya Kanada.

Je, sisi? Sheria ya Mafunzo ya Viwanda tunayo tangu kabla ya uhuru. Marekebisho ya mwaka 2011 yaliunda mamlaka ya NITA, na waajiri huchangia shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Basi sheria si tatizo.

Tatizo nimeliona kwa wanafunzi niliofanya nao kazi. Baadhi yao walikuwa wamekaa ofisi nyingine miezi mitatu wakitoa fotokopi na kutumwa chai, kisha kitabu chao kikagongwa muhuri. Lakini ukimpa mmoja hitilafu ndogo ya kweli, kwenye programu inayotumiwa na wateja, utamwona akibadilika. Anajifunza kusoma msimbo wa mtu mwingine, kuuliza, na kuweka nakala kabla ya kugusa kitu. Darasani programu hutupwa ikishapata alama. Kazini lazima iendelee kuishi.

Wale wa Cincinnati na wa Waterloo walipewa kazi hasa, si kiti cha kukalia. Kwa hiyo wewe mwenye ofisi, mwanafunzi akija kwako, mtafutie kazi ambayo isipofanywa utaumia. Nawe mwanafunzi, ukiona ni chai tu kila siku, iombe kazi hiyo.