Alibhai Mulla Jeevanjee

Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kenya, na mwanzilishi wa gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard.

Biashara

Alizaliwa Karachi katika jamii ya Mabohora. Alifika Mombasa mnamo 1890, pwani ilipokuwa chini ya Kampuni ya Imperial British East Africa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilishika nafasi ya kampuni hiyo, na mwambao wa Sultani wa Zanzibar ukawa chini ya ulinzi wake. Mwaka uliofuata ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa. Jeevanjee alipata kandarasi za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi, kuwalisha na kupasua mawe ya njia, akatajirika.

Gazeti

Mwaka 1902 alianzisha African Standard mjini Mombasa, akamwajiri Mwingereza W. H. Tiller kuwa mhariri. Mwaka 1905 aliliuza kwa wafanyabiashara Anderson na Mayer, walioliita East African Standard. Mwaka 1910 lilihamia Nairobi, ulikokwisha kuhamia utawala. Mikononi mwao likawa sauti ya walowezi, likizipinga haki za Wahindi ambazo mwanzilishi wake alikuwa akizidai.

Siasa

Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Alidai Wahindi waruhusiwe kumiliki ardhi katika nyanda za juu, ambazo serikali iliwatengea Wazungu. Kwa kuwa gazeti halikuwa tena mkononi mwake, mwaka 1912 alitoa kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa East African Indian National Congress mwaka 1914. Madai yake yalihusu hasa jamii yake. Waafrika walisubiri hadi 1944 ndipo Eliud Mathu akawa mjumbe wao wa kwanza barazani.

Urithi

Bustani ya Jeevanjee, aliyowapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, ingali wazi kwa umma. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga majengo juu yake. Mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, aliongoza upinzani hadi ikanusurika. Patel pia ameandika wasifu wa Jeevanjee, na kumrudishia nafasi katika historia ya nchi ambayo gazeti alilolianzisha lilimnyima.