Ghasia za Likoni: Jinsi ya kuhifadhi masimulizi ya walioshuhudia

USIKU wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kingine kidogo kivukoni, wakawaua polisi sita na kutwaa bunduki zaidi ya 40. Kisha wakawageukia wakazi wenye asili ya bara, wakichoma nyumba na vibanda. Ghasia hizo, zilizozuka miezi michache kabla ya Uchaguzi Mkuu, ziliua zaidi ya watu 100 na kuwafurusha wapatao 100,000. Kanisa Katoliki la Likoni likageuka kambi ya wakimbizi, na hoteli za ufuo wa Shelly na Diani zikakosa wageni.

Maandishi yaliyopo

Mengi yamekwisha kuandikwa. Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya (KHRC) ilitoa ripoti yake mwaka huo huo, na shirika la Human Rights Watch likatoa yake mwaka 2002. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilikamilisha kazi mwaka 1999, lakini ripoti yake haikutolewa hadharani hadi 2002. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC), iliyowasilisha ripoti mwaka 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kote nchini.

Hata hivyo, shabaha ya uchunguzi huo ilikuwa kubaini nani alipanga, nani alifadhili na nani alitenda. Shahidi huulizwa yale yenye uzito wa ushahidi, mengine hukatizwa.

Historia simulizi ni nini?

Ni mahojiano yaliyorekodiwa, ambamo msimulizi huachiwa aeleze maisha yake kabla ya tukio, wakati wake na baada yake. Hapo ndipo hupatikana habari za jirani aliyemficha jirani, kodi iliyopotea na watoto walioacha shule.

Kwa Likoni, kazi hiyo haina budi kugusa pande zote. Wapo waliofurushwa, na wapo vijana wa Kidigo waliokamatwa kiholela na kuteswa katika msako uliofuata. Anayerekodi upande mmja pekee huhifadhi chuki, si historia. Wapo pia watetezi wa haki waliotafuta waliozuiliwa na kuandika majina ya waliojeruhiwa. Ripoti zao huhifadhi walichokipata. Ni nadra kueleza walivyokipata, walivyopima uvumi, au hofu waliyoishi nayo.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, idhini. Msimulizi aelezwe sauti yake itatumiwaje na nani ataisikiliza, na aweze kukataa au kuficha jina. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasisitiza hilo.

Pili, lugha. Azungumze lugha anayoimudu, iwe Kidigo, Kikamba au Kiluo. Tafsiri ifuate baadaye.

Tatu, upole. Jeraha la zamani huweza kufumuka. Mhojaji asilazimishe jibu, na ajue mapema pa kumpeleka anayehitaji ushauri nasaha.

Nne, uangalifu. Aliyoyaona msimulizi yatengwe na aliyoyasikia, na tarehe zilinganishwe na magazeti ya wakati huo. Tuhuma dhidi ya mtu aliye hai zisisambazwe.

Tano, hifadhi. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, pamoja na maelezo ya nani alihojiwa, lini na wapi. Sauti iliyosalia ndani ya simu moja ni rahisi kupotea.

Wakati hausubiri

Kenya ina funzo la kuchelewa. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walioacha jina la Kariokor jijini Nairobi, walianza kuhojiwa na mwanahistoria Geoffrey Hodges takriban nusu karne baada ya vita, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Aliyekuwa na umri wa miaka 45 Likoni ilipowaka sasa amepita 70.