Ongeza

Mwihoko, kwa Kikuyu, ni tumaini. Nilirudi huko mwaka wa 2021 na begi moja, bila digrii. Chuoni moyo ulikuwa ukinidunda hadi nashindwa kuingia kwenye chumba cha mtihani. Nyumbani nikaanza kuvuta nusu msokoto wa bangi usiku, na nusu hiyo ilinituliza. Miezi minne baadaye nilikuwa namaliza mitatu, na hofu imerudi kubwa kuliko ya chuoni. Nilipomlalamikia muuzaji, alicheka tu. "Umezoea, bosi. Ongeza."

Nimelifuata neno hilo nyuma, kwa sababu watu waliotumia bangi kama dawa kabla yetu walikuwa wakiliogopa.

Jina lenyewe, bangi, lilitufikia kutoka India kwa njia ya bahari. Na ni huko India, mjini Calcutta, ambako daktari William O'Shaughnessy aliandika kuhusu mmea huu mwaka wa 1839, baada ya kuwajaribia wanyama kwanza, kisha wagonjwa. Mwaka wa 1890, J. Russell Reynolds, daktari wa Malkia Victoria, alieleza katika jarida la Lancet jinsi alivyoitumia kwa zaidi ya miaka 30. Shauri lake ni la kawaida sana: anza na kidogo, panda polepole, maana nguvu ya dawa hii hubadilika kutoka chupa moja hadi nyingine. Kwake, kazi yote ilikuwa kipimo.

Miaka michache baadaye serikali ya Uingereza huko India iliunda tume, ikawasikiliza mashahidi 1,193. Ripoti ya 1894 ilisema matumizi ya kadiri hayana madhara makubwa, na kwamba rejista za hospitali za wendawazimu, zilizoilaumu bangi, hazikuaminika: mara nyingi sababu iliandikwa bila mtu kuchunguza. Ripoti hiyo haikuzuia kilichofuata. Katika mkutano wa Geneva wa 1924 na 1925, Misri ilisukuma bangi iwekwe pamoja na kasumba, na ikafaulu. Mwaka wa 1932 Uingereza iliiondoa katika kitabu chake rasmi cha dawa. Kenya huru iliendelea na katazo la mkoloni. Sheria ya 1994 ikaweka kifungo cha miaka 10 kwa anayepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe. Adhabu imepunguzwa tangu hapo, katazo liko palepale.

Bangi haikuisha. Kilichoisha ni kipimo. Ile ya mtaani kwetu husemekana ni "shash", yaani ya Shashamane, Ethiopia, iliyopitishwa Moyale. Labda. Hakuna chupa, hakuna lebo, hakuna wa kuuliza.

Na kipimo ndicho kila kitu. THC, kemikali inayolewesha, ilitengwa mwaka wa 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Mwaka wa 1988 watafiti waligundua vipokezi vyake kwenye ubongo. Ukivuta kila siku, ubongo hupunguza vipokezi hivyo, kama vile mkazi wa Githurai anavyoacha kuwasikia makanga. Hiyo ndiyo kuzoea. Ukiongeza, unampa makanga kipaza sauti. Tena, katika utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka wa 2017, miligramu 7.5 za THC zilipunguza msongo wa mawazo, miligramu 12.5 ziliuzidisha. Tofauti ni miligramu 5. Nani anaweza kuiona hiyo kwenye msokoto?

Utafiti mwingine, wa 2012, ulipiga picha za ubongo wa watu waliovuta kila siku. Baada ya takriban wiki nne bila kuvuta, vipokezi vilikuwa vimerudi karibu kila sehemu. Basi nikahesabu siku 28. Wiki ya kwanza sikulala, nilitokwa na jasho, chakula hakikupita. Mama akaniuliza, "Mbona umekuwa mkali hivi, na hakuna mtu amekukosea?" Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini kufikia wiki ya tatu niligundua kwamba ile hofu ya asubuhi, niliyokuwa nikiifukuza kwa moshi, nyingi yake ilikuwa ni mwili ukidai moshi. Iliyobaki ni ile ya zamani, ya chumba cha mtihani. Hiyo naijua. Hiyo naweza kuizungumza na mtu.

Juzi nilikutana na muuzaji stejini.

"Umepotea, bosi. Kuna shash imeingia."

"Ina nguvu kiasi gani?"

Akaniangalia kama nimeuliza bei ya hewa. "Si utajua ukivuta."