Kizidishi cha utoaji: hesabu ya gunia la mkaa

Jiko la mkaa likishakolea halitoi moshi, na kwa wapishi wengi wa Dar es Salaam hoja huishia hapo. Moshi ulishatoka wilayani Kilosa, mkaa ulikochomwa.

Wanaolinganisha nishati za kupikia hutumia namba ninayopenda kuiita kizidishi cha utoaji: uzito wa gesijoto inayotoka kwa kila kipimo cha joto. Unachukua joto la nishati uliyounguza, unalizidisha kwa namba hiyo, unapata gesi. Ndiyo maana kuiita namba hii "kigezo" hakunikai vizuri. Kigezo ni cha kupimia ubora au kuigwa, hii ni ya kuzidishia tu. Neno "uzalishaji", badala ya "utoaji", nalo ni la shamba na kiwanda, la kitu kinachotafutwa. Nani anapika ili apate gesijoto? Na nasema gesijoto, si hewa ukaa, kwa kuwa methani nayo imo.

Miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, inavipa kuni na mkaa takriban gramu 112 za hewa ukaa kwa kila megajuli. Mafuta ya taa 72, gesi ya mitungi 63. Mkaa umeshindwa, basi? Bado. Miongozo hiyohiyo haijumlishi hewa ukaa ya miti kwenye nishati, huihamishia kwenye hesabu ya misitu, kwa kuwa mti ukiota upya huivuta tena.

Hapo ndipo miombo ya Kilosa inapoingia. Mwaka 2012, shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, walianza na vijiji vya wilaya hiyo, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa, mpango wa kuvuna msitu wa kijiji kwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kikivunwa hupumzishwa miaka 24, visiki vichipue.

Lakini tanuri la udongo la kuchomea mkaa halisamehewi na machipukizi. Magogo huungua siku kadhaa kwa hewa haba, yakitoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na mti hauivuti. Tanuri la kienyeji pia laweza kula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa.

Kwa hiyo jedwali la haki la vizidishi lingeupa mkaa mistari miwili: wa kitalu kinachochipua, na wa pori lililogeuzwa shamba. Gunia linalouzwa kando ya barabara kuu pale Mikumi, Kilosa hukohuko, laweza kuwa la mstari wowote.