Milango Miwili ya Chuo Kikuu

Wasikilizaji wetu wa Mwamanyili na wa Usukuma yote, mkulima hutenga pamba safi na fifi nyumbani kwake, mbele ya macho ya jirani. Lakini kule kiwandani, mbegu zikisha kutolewa, hupimwa urefu na nguvu za nyuzi, na kazi hiyo wachache huiona. Kadhalika chuo kikuu kina milango miwili. Wa kwanza ni wa kijana atokaye shule, atafutaye shahada ya kwanza. Wa pili ni wa mtu aliyekwisha kuipata, naye ataka kuzidisha elimu. Watu huuliza, je, upi una heshima zaidi?

Tutazame mambo yaliyotokea katika nchi zetu. Makerere, huko Kampala, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Hata ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, Afrika Mashariki haikuwa na chuo kingine cha namna hiyo. Mwaka huo huo Ali Mazrui wa Mombasa, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alifanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule, asipate alama za kutosha. Makerere ikamkataa.

Ndiyo tabia ya mlango wa kwanza. Mtihani ni mmoja, maswali ni mamoja, na majibu yake hufika hata sokoni. Kwa hiyo aliyeingia husifiwa, na aliyekataliwa husemwa.

Mazrui akashika kazi kwao Mombasa, kisha akaenda Uingereza. Mwaka 1960 akapata shahada ya kwanza Manchester. Mwaka 1961 ya pili Columbia, mjini New York. Na mwaka 1966 Oxford ikampa udaktari. Katika mlango wa juu waulizao ni walimu wenyewe wa somo: Umeandika nini? Wataka kuchunguza nini? Nani atakuongoza?

Basi mlango wa juu ndio mwembamba? Si sikuzote. Vyuo vingi vyenye sifa hupokea watu wengi kwa shahada ya pili ya mwaka mmoja, mradi walipe ada. Nafasi za udaktari ndizo haba. Tena majina hupotosha. Julius Nyerere, baada ya Makerere, alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, akarudi na M.A. Wengi hudhani hiyo ni shahada ya pili, kumbe huko Uskoti ndilo jina la shahada ya kwanza. Nazo Oxford na Cambridge humpa mwanafunzi wao wa zamani M.A. baada ya kupita miaka kadhaa tu, pasipo mtihani wowote!

Kwa maoni yangu, heshima ya mlango wa kwanza ni ya jina la chuo, nayo ndiyo isikikayo vijijini. Heshima ya mlango wa juu ni ya kazi ya mtu, na wenye somo lake ndio waijuao. Makerere yenyewe haikungoja udaktari wa Oxford; ilikuwa imekwisha kumwajiri Mazrui. Akawa profesa na mkuu wa kitivo, akafundisha huko hata mwaka 1973, mbele ya vijana walioingia kwa mlango ule ule aliofungiwa yeye.