Usiku wa Likasi na dawa ya kuongea

Mwezi wa nane 1992, Étienne Tshisekedi alipochaguliwa waziri mkuu kule Kinshasa na kuchukua nafasi ya Nguz a Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga, Likasi iliwaka. Wakaaji wenye asili ya Kasaï walifukuzwa manyumbani, hata wale ambao babu zao waliletwa zamani kufanya kazi Union Minière. Walijaa mashuleni na kwenye gare, wakingoja treni. Wengine walingoja miezi.

Msaada uliofika ulikuwa wa kuokoa mwili: chakula, maji, dawa. Usiku haukuwa na muganga. Waliokuwa watoto pale gare leo ni wazazi, na wapo ambao usingizi haujarudi sawasawa.

Wakati ule njia ya kutibu hali hiyo ilikuwa imekwisha kuanza, tena mbali sana: Chile, chini ya Jenerali Pinochet. Mwaka 1983 wanawake wawili wanasaikolojia, Elizabeth Lira na Eugenia Weinstein, waliieleza katika andiko walilolitoa kwa majina ya bandia, maana utawala ulikuwa ule ule. Mtu aliyeteswa alisimulia yaliyompata, sauti ikashikwa kwenye kaseti, kisha maneno yakaandikwa.

Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliikuza njia hiyo. Mgonjwa anatandika kamba chini. Ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua kwa siku njema, jiwe kwa siku mbaya. Halafu, yeye na mshauri wake peke yao, wanapita jiwe kwa jiwe: ilikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu, moyo ulipigaje. Tukio la hofu hukaa kichwani vipande vipande, bila tarehe. Mlango ukigongwa usiku, mwili unadhani ni 1992 tena. Kusimulia kwa utaratibu kunalipa tukio tarehe na mahali pake. Si maongezi ya kupitisha wakati: mshauri hamwachi mtu katikati ya jiwe, anangoja hofu ishuke kwanza.

Lakini nani atasikiliza pale ambapo madaktari wa akili ni wachache? Jibu lilitoka jirani, kambi ya Nakivale, Uganda. Katika utafiti uliotangazwa 2008, Wanyarwanda na Wasomali 277 waligawanywa mafungu matatu. Baada ya vikao sita, ugonjwa haukuonekana tena kwa watu 70 katika kila 100 waliosimulia kwa kamba, na 65 kwa waliopata ushauri wa kawaida. Kwa wasiotibiwa, walikuwa 37 tu. Tofauti ya kamba na ushauri wa kawaida ilikuwa ndogo, tuseme ukweli. Ila waliokatiza matibabu walikuwa 4 katika 100 upande wa kamba, na 21 upande wa pili.

Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wa kambi ile ile, waliofundishwa kwa wiki sita.